Twiga Ndani ya Ngozi ya Ndama

Siku ya tatu baada ya kumzika Adeer Guhad, ndugu mdogo wa baba yangu, nilikuwa nimeketi chini ya turubai pamoja na wanaume waliokuja kutoa pole, birika la chai likizunguka mkono kwa mkono, mzee mmoja nisiyemjua akaniangalia kwa muda mrefu kisha akaniuliza, "Wewe si yule Hassan wa twiga?" Mara turubai zima likageuka upande wangu. Watu ambao tangu asubuhi walikuwa wakizungumza kwa sauti za msibani wakaanza kucheka, kila mmoja na lake. Mmoja alisema alitoroka shule kwenda kumwona. Mwingine akasema marehemu baba yake aliwahi kumpanda mgongoni, jambo ambalo halikutokea kamwe. Mwingine akaapa wallahi kwamba twiga yule alikuwa na nundu kama ngamia. Sikuwarekebisha. Upande wa wanawake, nyuma ya pazia la shuka, nilimsikia dada yangu Khadra akikatiza maneno aliyokuwa akisema, na hakuyaendeleza. Watu wa Garissa wanaukumbuka ule mwaka wa mvua kubwa kama mwaka walioona ajabu. Mimi naukumbuka kama mwaka niliokuwa nikiamka kila alfajiri kuangalia kiwele cha ngamia kabla sijamwangalia mtu yeyote usoni, kwa sababu kiwele kile ndicho kilichoishikilia nyumba yetu, na aliyeweka sharti hilo ni huyo tuliyekuwa tumetoka kumzika.

Habari za baba na mama sitazieleza hapa. Walikuwepo, halafu hawakuwepo, na mimi nikatoka shule ya msingi kabla ya mtihani wa mwisho kwa sababu nilikuwa mkubwa wa watatu. Khadra alikuwa na miaka kumi. Yusuf alikuwa bado anahesabu miaka yake kwa vidole vya mkono mmoja. Tulikaa ukingoni mwa mji, kwenye nyumba ya fito na mikeka ambayo mama aliifunga kwa mikono yake, na pembeni yake chumba kimoja cha mabati ambacho baba alikianza na hakukimaliza, kwa hiyo upande mmoja ulikuwa bati na upande wa pili gunia. Ndani ya chumba hicho ndimo wanaume walimokutana baada ya msiba wa mama, nasi watoto tukalazwa kwenye nyumba ya mikeka, kana kwamba mkeka huzuia maneno. Nilisikia kila kitu. Mmoja alisema, "Kijana wa miaka kumi na sita atalea watoto kwa kitu gani? Kwa hewa?" Mwingine akajibu, "Ana ngamia." "Ngamia mmoja!" "Ngamia mmoja anayekamuliwa ni baba wa nyumba." Wakacheka kidogo. Kisha ikaja sauti ya Adeer Guhad, ambayo haikupanda hata siku moja katika maisha yake. "Haya. Mimi naenda Elwak na mifugo. Nitarudi mvua ikiisha. Nikikuta maziwa, wakae. Nikikuta ngamia amekauka, Khadra ataenda Elwak kwa shangazi yake, Yusuf ataenda Banissa kwa maalim akasome Kurani, na Hassan nitamchukua machungani. Mtu asije akaniambia nimewatupa watoto wa ndugu yangu." Niligeuza shingo nikamwona Khadra amelala chali, macho wazi, midomo ikirudia pole pole: Elwak, Banissa. Miji hiyo ilikuwa mbali nasi kuliko Nairobi. Leo nina watoto wangu, na nikiyapima maneno yale naona yalikuwa ya haki. Hapo ndipo ugumu wake. Ningeweza kumpinga mtu mbaya kwa urahisi zaidi.

Ngamia wetu aliitwa Aulo, kwa sababu alikuwa na rangi ya swala. Alikuwa amezaa karibuni, na kwa desturi yetu chuchu mbili ni za ndama na mbili za nyumba. Asubuhi na jioni nilisimama kwa mguu mmoja, chombo cha kusukwa juu ya goti, nikikamua huku ndama akinyonya upande wa pili, maana ngamia hashushi maziwa kwa ajili ya binadamu. Humshushia mtoto wake, nasi tunaiba pembeni. Khadra hakuruhusiwa kushika kiwele, kwetu ngamia hukamuliwa na wanaume, lakini alikuwa akikaa karibu na kunihoji. Kwa nini ngamia ana mdomo uliopasuka? Fahali anayeibeba dunia kwenye pembe zake, yule ambaye macho yake hayabanduki kwa jike aliyefungwa mbele yake, je, huyo jike hula nini? Mama alimwachia hadithi zote hizo, na nadhani ndizo alizorithi badala ya ushanga. Aliyempenda na kumwogopa kuliko wote ni mtu-fisi, yule ambaye jua likizama hujisugua kwa kijiti akawa fisi, na alfajiri hujisugua tena akarudi kuwa mtu na kwenda sokoni kama wengine. Khadra alikuwa akiwasalimu watu wazima kwa mikono miwili ili apate kuangalia kama wameshika kijiti.

Kupika ilikuwa kazi yangu, na bula nzima, yaani mtaa wetu, ililijua hilo. Aliyenifundisha ni jirani yetu Mama Hadija, mkulima mwenye migomba kando ya mto Tana, ambaye hakujua Kisomali zaidi ya salamu na matusi mawili, kwa hiyo Kiswahili changu kingi ni chake. Alikuwa akisimama mlangoni, mkono kiunoni, akiitazama anjera yangu, ule mkate wetu mwembamba wa kikaangoni, ikichomwa. "Hassan, hii si anjera, hii ni ramani ya Kenya. Tazama, Mandera yote imeungua." Wavulana wa rika langu waliniita Mama Hassan. Niliwaacha waniite. Tulikula anjera asubuhi na maziwa, jioni ugali na maziwa, na Ijumaa, kama ipo, nyama kidogo ya mbuzi. Yusuf alikuwa na mtindo wa kuacha povu la maziwa juu ya mdomo wake akajiita mzee. Nikikumbuka miezi ile ya kwanza naikumbuka kama furaha, lakini ilikuwa furaha ya mtu anayevuka daraja akiangalia chini.

Halafu mvua ikaanza, na haikuacha. Nchi yetu huomba mvua mwaka mzima, na ikija watu hao hao huanza kuomba isimame. Tana ilivimba ikameza mashamba, Mama Hadija akahamia kwetu na kuku wake na sufuria zake. Barabara zikakatika, malori yakazama kwenye matope, sukari na unga vikaadimika. Mbuzi na kondoo wakaanza kufa kwa ugonjwa ambao wazee hawakuwa na jina lake, na tukaambiwa tusichinje mnyama mgonjwa, na maziwa tuyachemshe. Mbuzi wetu wachache waliisha. Aulo alibaki. Jioni moja ya ukungu fisi akapita kwenye uwazi wa boma la miiba ambapo maji yalikuwa yamebeba matawi, akamkamata ndama. Tulipiga kelele, tukampokonya, lakini ndama alikuwa amekwisha. Khadra hakulia. Kesho yake alimfuata muuza makaa hadi nyumbani kwake, akamwomba aoneshe viganja. Muuza makaa, mtu mpole, alimwonesha. "Nimeangalia," Khadra aliniambia. "Si yeye."

Mimi sikuwa na muda wa mtu-fisi. Nilikuwa nikimchuna ndama. Kila mchungaji wa kwetu anajua kwamba ngamia aliyefiwa hukauka, na kila mmoja anajua dawa yake: unamchuna ndama, unaipaka ngozi chumvi, unaijaza nyasi, unamletea mama yake ainuse. Harufu humdanganya akashusha maziwa. Nilifanya hivyo, na kwa siku kadhaa Aulo aliinusa ngozi, akaguna ile sauti ya chini ambayo ngamia humfanyia mtoto tu, na maziwa yakaja. Lakini chumvi ilikuwa haba na jua halikuwepo la kuikausha. Ngozi ikaota ukungu, nyasi zikaoza ndani yake, na zaidi ya yote, ngozi hainyonyi. Asubuhi moja Aulo aliinusa, akanitazama, akapiga chombo teke. Nilichokamua tangu siku ile kilitosha kikombe cha Yusuf. "Ngamia si mjinga," Mama Hadija alisema akiwa amejifunika gunia kichwani. "Hata mimi ungeniletea mume aliyejazwa nyasi ningekuvumilia siku mbili tatu." Nilicheka, nikaenda nyuma ya chumba cha mabati kusimama peke yangu. Mvua ilikuwa imeanza kupungua. Mvua ikiisha, Adeer angerudi.

Khadra ndiye aliyekuwa akimchunga Aulo siku hizo, mimi nikizunguka mjini kutafuta vibarua vya kupakua mizigo. Jioni moja nilimsikia akiniita kutoka mbali, kwa jina tunalomwitia kaka mkubwa, "Abowe! Abowe! Usitoke kwa haraka!" Nikatoka polepole. Aulo alikuwa anakuja kwa mwendo wake wa kawaida, akiwa amelegeza mdomo, na nyuma yake alikuwa twiga. Mdogo, ila alinipita mimi kwa urefu, miguu yake ikienda kila mmoja kwa akili yake, kitovu bado kimening'inia kama uzi. Khadra alitembea mbali kidogo pembeni, mikono ameishika nyuma, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa. Alinieleza kwa kunong'ona. Mama twiga alikuwa amekwama kwenye matope ya bonde, amekufa, na mtoto alikuwa amesimama karibu. Aulo alipopita, mtoto akaacha kumwangalia mama yake akamfuata Aulo. "Sikumwita," Khadra alisema. "Wallahi sikumwita. Amechagua mwenyewe."

Sijui watu wa mahali pengine wangefanya nini. Huenda wangemwita daktari wa wanyama. Mimi niliona kitu kimoja tu: mdomo unaonyonya. Nilikwenda nikaitoa ngozi ya ndama kwenye nyasi zake zilizooza, nikaikung'uta, nikaisugua kwa chumvi ya mwisho iliyokuwa jikoni huku Mama Hadija akipiga kelele juu ya chumvi yake, na wakati Khadra amemkumbatia twiga shingo na kumwambia maneno sikioni, nikamfunga ngozi ile mgongoni kwa kamba. Ilimfika nusu. Ilionekana kama mtu mrefu aliyevaa koti la mdogo wake. Tukamsogeza. Aulo akageuza kichwa akanusa. Alinusa mkia, alinusa ubavu, alirudi kunusa mkia tena. Alivuta pumzi ndefu na sisi sote tukaivuta naye. Yule twiga, mwenye njaa, alitafuta kiwele mahali ambapo kiwele cha twiga hukaa, akagonga tumbo. Ikabidi aipanue miguu yake ya mbele mmoja mashariki mmoja magharibi, akashusha shingo, akapindisha kichwa, na akapata chuchu. Aulo aliguna. Niliinua goti langu nikaweka chombo upande wa pili, na maziwa yakaja kwa sauti ile ya kujaa ambayo nilikuwa nimeanza kuisahau. Yusuf alikuwa akirukaruka kwenye matope akiimba jina la Aulo. Mama Hadija alisema, "Subhanallah," kisha, "Chumvi hiyo utanilipa kwa maziwa."

Asubuhi ya tatu bula nzima ilikuwa nje ya boma letu. Asubuhi ya sita walikuja wa upande wa pili wa mji. Waliacha maduka. Walimu walikuja na madarasa yao yakiwa na viatu mkononi. Wanawake wauza maziwa walikuja na vibuyu vitupu, wanajeshi walikuja na bunduki mgongoni wakasimama kama watoto. Ulikuwa msimu wa njaa na mazishi, watu walikuwa wamechoka kuangalia mbingu na maji, na sasa kulikuwa na kitu cha kuangalia ambacho hakikuwa kinakufa. Saa ya kunyonya ikifika, twiga akianza kupanua miguu, palikuwa na kimya cha msikitini, na akishapata chuchu kicheko kililipuka hadi Aulo akajifunza kutokishtukia. Mzee mmoja aliyeitwa Gabow, mwongo mashuhuri, alikuja kila siku na kigoda chake. Ndiye aliyesambaza kwamba hapo zamani twiga alikuwa ngamia aliyekataa kupiga magoti. "Mungu aliwaambia ngamia wote wapige magoti ili binadamu apakie mizigo. Wakapiga. Mmoja akasema, miye? Miye sipigi. Akaambiwa, haya, basi hutapiga kamwe, hata ukitaka maji. Tazameni anavyohangaika! Hicho ni kiburi cha babu yake." Mtu akamuuliza, "Hadithi hii umeitoa wapi, Mzee Gabow?" "Nimeitoa kinywani, wewe hukuona?" Palikuwa na ubishi kama maziwa yetu yalikuwa halali, hadi maalim wa chuo akaja mwenyewe. "Maziwa yametoka kwa nani?" "Kwa ngamia, maalim." "Twiga ametia nini?" "Mate tu, upande wake." "Basi kunyweni, mniachie nami." Polisi mmoja aliyeletwa kwetu kutoka Bara alisema kwa ukali, "Hii twiga ni mali ya serikali." Mama Hadija akamjibu bila kugeuka, "Serikali na imnyonyeshe basi."

Nilicheka na wengine. Ni kweli, nilicheka. Lakini mtu anayetazama ajabu hurudi nyumbani kwake, na mimi nilibaki nayo. Nilihesabu kila pumzi ya twiga yule kama pumzi ya nyumba yangu. Akikohoa sikulala. Watoto wa watu walimng'oa nywele za mkia kwa ukumbusho, nikawa nawafukuza kwa fimbo na kuitwa mchoyo. Watu walipomwita baraka nilinyamaza, maana nilijua sisi tulikuwa tumemfunga kamba jioni na miiba mchana ili aendelee kuwa baraka. Khadra alikuwa kinyume changu. Hakuwahi kuniuliza Aulo ametoa maziwa kiasi gani. Alijua kwamba usingizi wa twiga ni mfupi kama usingizi wa mgonjwa, kwamba ulimi wake ni mweusi, kwamba madoa ya shavu la kushoto hayafanani na ya kulia. Hakumpa jina. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Yeye si wetu, abowe." Nilidhani ni adabu tu ya mtoto.

Jua likarudi. Nchi nzima ikawa kijani kwa namna ambayo mtu aliyekuja mwaka ule angedhani sisi ni watu wa bustani. Mbali, kwenye migunga, twiga wakubwa wakarudi. Jioni ya kwanza walisimama mbali, shingo juu ya miti, wakituangalia. Wa kwetu aliacha kunyonya akainua masikio. Jioni iliyofuata walikaribia hadi mahali pa kutupia majivu. Watu waliokuwa wamekuja kumwangalia mmoja wakawaona wengi, wakafurahi mara mbili. Mimi niliongeza miiba kwenye boma. Siku hiyo hiyo dereva wa lori la kwanza kufika kutoka kaskazini alinipa salamu: Adeer Guhad yuko Wajir, yuko njiani. Nilimwambia Khadra tukiwa tunakula. Nilimwambia kwa furaha, nikamimina maziwa hadi ukingoni mwa kikombe chake. "Tumeshinda," nilisema. "Atakuta maziwa." Khadra alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakitazama, akampa Yusuf nusu.

Alfajiri nilipotoka na chombo mkononi nilimkuta Aulo peke yake amesimama, shingo ameinyoosha kuelekea migungani, akitoa ile sauti ya chini. Mlango wa boma ulikuwa wazi. Miiba haikuwa imevunjwa, ilikuwa imevutwa kwa ndani na kuwekwa pembeni vizuri, kama ninavyoiweka mimi, na kwenye ardhi yenye unyevu palikuwa na nyayo ndogo za mtu na nyayo kubwa zilizopasuka. Ngozi ya ndama ilikuwa imekunjwa juu ya jiwe. Khadra alikuwa ameketi karibu na jiwe, mikono yake imejaa michubuko ya miiba. Nilisema, "Umefanya nini?" Ingawa niliona. Akasema, "Walikuwa wanamngoja, abowe. Jana na juzi. Wangechoka kungoja." Nikamwambia, "Unajua Adeer yuko Wajir?" Akasema, "Najua." "Unajua alisema nini?" "Nilisikia siku ile. Mimi Elwak, Yusuf Banissa." Alisema kama mtoto anayejibu swali la darasani. Nilimkalia Aulo chini ya ubavu, nikamwimbia, nikampuliza, nikamletea ngozi. Aliikanyaga. Sikupata hata tone.

Adeer aliingia mchana wa siku ya pili yake, na kwa kuwa barabara ilikuwa imefunguka, nje ya boma letu palikuwa na watu wengi kuliko siku zote, wengine wametoka mbali, wakilalamika kwamba wameletwa kuona twiga na hakuna twiga. Mzee Gabow alikuwa akiwaeleza twiga alivyoruka juu ya boma kama malaika. Adeer aliwapita wote bila kusema zaidi ya salamu, akaenda moja kwa moja kwa Aulo, akapitisha mkono wake chini ya kiwele. Aliupitisha mara mbili. "Maziwa yako wapi, adeer?" aliniuliza, maana kwetu ndugu wa baba hukurudishia jina lile lile unalomwita. "Hakuna, adeer." Khadra akatokea nyuma yangu. "Nilimfungulia mimi," alisema. Adeer alimgeukia. Usoni mwake sikuona hasira, nikaona uchovu wa mtu aliyesafiri na neno lake. "Basi funga vitu vyako, binti yangu. Na vya Yusuf."

Nikasimama mlangoni mwa boma, pale palipokuwa na miiba. Sikuwa nimepanga maneno. Nilisema, "Adeer, huyu ngamia ni wa nani?" "Wa baba yenu." "Baba yuko kaburini." "Basi ni wenu." "Sisi akina nani?" Akakunja uso. "Nyinyi watatu, unaniuliza nini?" "Khadra akienda Elwak, Yusuf akienda Banissa, mimi nikienda machungani, Aulo ataenda na nani? Ukimpeleka kwa Khadra, umemnyima Yusuf. Ukimweka kwenye kundi lako, utakuwa umechanganya mali ya yatima na yako. Au utamkata?" Mtu mmoja kwenye umati akasema, "Eeh!" na mwingine akamwambia nyamaza. Hakuna mtu pale asiyejua Kurani inasema nini juu ya anayekula mali ya yatima, kwamba anaujaza moto tumboni mwake. Adeer alinisogelea, akashusha sauti yake ambayo tayari ilikuwa chini. "Unanihukumu mimi mbele ya watu waliokuja kumtazama mnyama?" "Hao ndio watu waliopo, adeer."  Maalim alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta, akikagua ncha ya bakora yake. 

Adeer aligeuka akaenda kusimama na Aulo. Alimpapasa shingoni, akamkagua meno, akazungumza naye kwa muda mrefu kuliko alivyozungumza nasi. Aliporudi alisema kwa sauti ya kusikika, "Ngamia nitamchukua nimpandishe kwa dume langu. Akizaa nitamleta hapa, yeye na ndama wake, mbele ya watu hawa hawa. Mali ya watoto itarudi kwenye nyumba ya watoto." Nikamuuliza, "Na watoto?" "Wenye mali hukaa pale mali yao inapowajia." Kisha akanivuta kando. "Ngamia hubeba mimba mwaka mzima na zaidi, Hassan. Mtakula nini?" Nilikuwa najua hesabu hiyo kama yeye. Nilimwambia, "Tutakula." Hakunicheka. Aliondoka na Aulo kabla ya alasiri, na Aulo hakukataa kamba, ila kila baada ya hatua chache aligeuza shingo kuelekea migungani, wala si kwetu.

Umati ulitawanyika upesi, kama umati unavyotawanyika pasipo na kitu cha kuangalia. Mama Hadija alirudi shambani kwake kuona kama kuna mgomba uliosalia. Jioni ile nilichoma anjera, nikachemsha chai isiyo na maziwa, nyeusi, tukaketi watatu kwenye mkeka. Yusuf alinywa funda moja akapangusa mdomo wake ambao haukuwa na povu, akauliza kama Aulo atalala wapi. Nilimjibu. Khadra hakugusa kikombe chake. "Abowe," alisema, "umenikasirikia?" Nikasema, "Ndiyo." "Sana?" "Sana." Akatikisa kichwa kuonesha amesikia. Nilimwambia anywe chai kabla haijapoa, nikamsogezea anjera ile ambayo haikuungua. Alikula akiniangalia usoni, bila kuchoka, akingoja hasira yangu iishe. Haikuisha siku ile, wala kesho yake. Lakini alikuwa pale pale kwetu, kwenye mkeka, akiingoja.